Nimeng'arisha meno saluni, sasa hata hewa inayauma. Nirudi awamu ya pili?

Binti Ngarenanyuki:
Wakuu, naombeni ushauri. Nimekulia Ngarenanyuki, Arumeru, na meno yangu ni ya kahawia tangu yaote, wenyeji wa huko mnaelewa. Sendofu yangu ni mwezi ujao. Jumamosi nilienda saluni moja mjini, wakanipaka jeli na kunimulika taa ya bluu. Nikasema ufizi unawaka, nikaambiwa nivumilie, ndiyo dawa inafanya kazi. Kwenye kioo nikakuta ufizi wa juu mweupe kama umepakwa chokaa. Leo siku ya tatu, nikivuta hewa kwa mdomo jino linapiga shoti. Kahawia ipo palepale, ila pembeni yake yametokea madoa meupe. Awamu ya pili ni kesho na nimeshailipia. Niende?

Kaka wa Usa:
Pole dada. Achana nao, sugua limao na unga wa mkaa. Ni vya asili, havina madhara.

Tabibu wa Kinywa:
Hapana kaka, tafadhali. Limao ni tindikali, linalainisha gamba la jino, kisha mkaa unalikwangua. Gamba likishalika halioti tena.

Dada, kesho usiende, hata kama hela hairudi. Ufizi kuwa mweupe ni kuungua na peroksaidi, dawa ya kung'arisha iliyomo kwenye jeli, na kwa kawaida hupona ndani ya siku chache. Shoti inatokea maana dawa imepenya hadi tabaka la ndani lenye hisia, nayo kwa kawaida hutulia. Isipotulia ndani ya wiki mbili, au jino moja likiuma lenyewe usiku, nenda hospitali. Kwa sasa tumia dawa ya mswaki ya meno yanayoshtuka, na acha soda na vya baridi kali.

Je, waliangalia kama una jino lililotoboka kabla ya kupaka? Walikwambia jeli ina nguvu kiasi gani? Nchi za Umoja wa Ulaya, jeli inayozidi asilimia 0.1 ya peroksaidi lazima ianzie kwa daktari wa meno, mwisho asilimia 6, na si kwa walio chini ya miaka 18.

Halafu kahawia yako ni ya floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji ya huko kwenu, imo ndani ya gamba lenyewe. Kung'arisha peke yake mara nyingi hakuitoi. Daktari anaweza kusugua tabaka jembamba sana la juu, au kufunika kwa kijazio cha rangi ya jino.

Binti Ngarenanyuki:
Asante sana daktari. Basi niache dawa ya mswaki yenye floraidi? Na mwanangu ana miaka 3, yuko kwa bibi huko Ngarenanyuki, maji tunamchemshia.

Tabibu wa Kinywa:
Wewe endelea nayo, meno yako yalishamaliza kuumbika. Mtoto ndiye wa kuwahi. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki, na maji yakipungua inazidi kukolea. Mpeni maji ya mvua ya kunywa na kupikia, na magadi msiweke kwenye chakula chake, nayo yana floraidi. Mswaki wake utieni dawa kidogo, isizidi punje ya njegere, na ateme.

Binti Ngarenanyuki:
Siendi kesho. Nimempigia mama sasa hivi, anasuuza pipa la chini ya mchirizi.