Duka la nguo kuchangia vita dhidi ya ukatili wa nyumbani: ni msaada au ni promosheni? Tujadili

Wadau wa Moshi na Arusha habari zenu. Hii kitu nataka tuijadili bila matusi maana kwenye grupu letu la wasapu la wauza nguo imeshatugawa. Kuna mwenye duka mmoja hapa mjini (simtaji) kaja na wazo kwamba kuanzia tarehe 25 Novemba mpaka 10 Desemba, zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, atauza tisheti na magauni yenye maandishi ya kupinga ukatili wa nyumbani alafu "sehemu ya mapato" iende kuwasaidia akina mama wanaopigwa. Nusu ya grupu wakasema Mungu ambariki, nusu wakasema huyo anatafuta wateja wa Krismasi kupitia machozi ya watu. Mimi nasema apokelewe ila abanwe, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza sio jambo jipya. Sisi tunaofungua mabalo ya mitumba pale soko la Memorial, Moshi, lebo ya Liz Claiborne tunaijua vizuri, blauzi zake akina mama wa maofisini wanagombania. Basi hiyo kampuni ilianzishwa New York 1976, na ilipofika 1991 ikaanza kampeni ya kupinga ukatili wa nyumbani, kipindi ambacho makampuni mengi yaliona hayo ni mambo ya chumbani kwa watu. Baadaye kampeni ikajulikana kama Love Is Not Abuse, yaani kupiga sio kupenda. Na hawakuishia kwenye mabango, walitoa vijitabu vya kumsaidia mzazi ajue aongeeje na binti yake ambaye mpenzi wake anampiga, wakaandaa masomo ya kufundishia mashuleni, na ndani ya kampuni yenyewe wakaweka utaratibu wa kumsaidia mfanyakazi anayepigwa nyumbani. Hapo ndo nawapa maksi. Mwaka 2011 lile jina likauzwa kwa JCPenney, kampuni yenyewe ikaja kubadili jina, lakini kampeni ikapata pa kwenda, ikachukuliwa na shirika linaloitwa Break the Cycle. Tisheti peke yake ingekuwa imeshageuka dekio zamani.

Sasa turudi kwetu. Kuna dada anauza masweta jirani na meza yangu, siku moja akaja asubuhi kajifunga mtandio mpaka puani na jua la Februari mnalijua lilivyo, anahesabu chenji kwa mkono mmoja, ule mwingine kaubana ubavuni. Tukamwambia nenda polisi dawati la jinsia ukachukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ni kweli PF3 haiuzwi, lakini bodaboda inalipwa, hospitali kuna foleni, meza inashinda imefungwa na mzigo alikuwa kachukua kwa mkopo, na hayo yote tungeweza kumchangia, tukakwama kwenye swali moja tu alilotuuliza yeye mwenyewe, "alafu jioni nikalale wapi?" Nyumba ipo kihambani kwa ukoo wa mume, mama mkwe anasikia kila kitu dirishani, kwao ni Singida. Tukanyamaza. Jioni akapanda hiace akarudi hukohuko.

Ndo maana nikisikia mtu anasema hela ya tisheti iende "kutoa elimu" nachoka. Elimu gani jamani? Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 imesema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, hiyo sheria ina umri wa babu mwenye wajukuu. Pamoja na hayo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 umekuta wanawake 27 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Huyo anayempiga mkewe anajua ni kosa, ndo maana anafunga mlango na kuongeza sauti ya redio. Kinachokosekana ni kitanda cha usiku wa kwanza, nauli ya kwenda kwao na kimtaji cha kuanzia.

Na hizo tarehe pia naomba mziangalie. Siku 16 zinaisha tarehe 10 Desemba, sisi huku Kilimanjaro ndo kwanza tunaanza msimu wa sikukuu, mabasi kutoka Dar yanajaa, mbege inapikwa, watu wamekuja na hela na viburi vya mwaka mzima, ugomvi wa mipaka na wa nani kamsalimia nani unaamkia kwa mke. Tarehe 11 duka linatoa tisheti za kampeni linatundika kofia nyekundu za Krismasi, wakati wenye uhitaji ndo wanaanza kuja!

Wanaosema na wanaume wanapigwa, sibishi, kifungu kimesema mwenzi, hakijasema mke, fungueni mjadala wenu nitakuja kuchangia. Wenye hoja nzito ni wanaosema kidogo ni bora kuliko hamna. Sawa, ila kidogo kiasi gani? Tisheti ya elfu ishirini na tano ikitoa shilingi mia hiyo nayo ni "sehemu ya mapato" na hamna atakayemkamata. Aandike kwenye lebo kabisa, elfu tano ya hii inaenda mahali fulani, tukitaka kufatilia tufatilie.

Alafu kuna swali nililomuuliza kwenye grupu akasoma akanyamaza, tiki mbili za bluu mpaka leo. Ana mabinti wanne wanamuuzia, wanalipwa kwa siku, asiyekuja hana chake. Siku mmoja wao akija jicho limevimba atamficha stoo wateja wasimwone, au atampa ruhusa aende dawati la jinsia na hela yake ya siku aikute? Wenye maduka wa hapa na wa Arusha nanyi jibuni hilo kwanza, za tisheti tutaongea baadae.