Kundi la simu la avenyu yetu, Katuba (Lubumbashi, Kongo): depite alisema nini juu ya asilimia 40?

Mama Mapasa: Jambo yenu majirani. Muliona ile video ya depite wetu, ule wa Bunge kule Kinshasa? Banasema alikatala makuta (pesa) ya balimu mu bajeti. Miye niko na bwana mwalimu mu nyumba. Mutu anielezee, juu sijalala muzuri.

Kalenga: Mama, usijisumbue. Bapinzani kazi yao ni makelele. Anasimama, anaongea dakika chache, anakaa, bengine banapiga kura, inaisha. Sisi ba manseba, ba taxi ya pikipiki, njo tunajua barabara, na barabara iko vilevile.

Yaya Nadine: Mama Mapasa, hiyo video imekatwa. Mimi nilifuata kikao chote kwenye televisheni. Depite alisema hataipigia kura bajeti, ni kweli. Sentensi iliyofuata ndiyo waliyoikata: hataipigia kura mpaka serikali ieleze iko wapi ile asilimia 40 ya majimbo. Walimu aliwataja mapema zaidi, akiuliza kwa nini wa vijijini wanangoja mshahara kwa muda mrefu kuliko wa mjini. Hakukataa makuta ya mtu.

Mama Mapasa: Aksanti yaya. Kumbe!

Kalenga: Sawa, alisema vile. Halafu? Kura zilipita ao hazikupita?

Yaya Nadine: Bajeti ilikubaliwa iende kwenye kamati. Wengi ni wa upande wa serikali, hilo hakuna asiyelijua.

Kalenga: Njo vile. Makelele.

Papa Mwalimu: Kalenga mwanangu, ngoja kidogo. Hiyo asilimia 40 si wazo la depite, ni Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 175. Sehemu ya mapato ya taifa inayokwenda kwa majimbo ni asilimia 40, na inabakizwa kwenye chanzo. Yaani franga zikikusanywa hapa Haut-Katanga, jimbo linachukua sehemu yake kwanza, zinazobaki ndizo zinapanda Kinshasa. Kinachofanyika ni kinyume. Zote zinapanda, halafu gavana anakaa anangoja zirudishwe, na zinazorudi ni kile ambacho Kinshasa imeamua kurudisha. Tangu 2006 hatujaona kifungu hicho kikifuatwa jinsi kilivyoandikwa. Mtu akisimama Palais du Peuple, pale Bunge linapokaa, akalisema hilo mbele ya waziri, mimi siwezi kuliita kelele.

Tonton Didier (Kolwezi): Jambo wote. Na ya madini je? Huku malori ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana kuelekea mpakani Kasumbalesa. Sheria ya madini (Code minier) ya 9 Machi 2018 iko wazi: redevansi, yaani malipo ya kampuni juu ya madini wanayotoa, asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini ao sekta ambako mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inalipa 3,5 kwa mia, kobalti 10 kwa mia tangu iwekwe kati ya madini ya kimkakati mwaka 2018. Depite aliitaja pia, nilisikia.

Yaya Nadine: Tonton, hapo ndipo aliponiudhi, na ninasema hivi nikiwa ninampenda. Alichanganya vitu viwili katika pumzi moja. Redevansi ya madini inagawanywa kwa sheria yake, kila mmoja na fungu lake. Asilimia 40 ni ya mapato ya taifa, na inadaiwa kwa kifungu kingine kabisa. Waziri alipopanda kujibu alishika ile ya madini, maana hapo alikuwa na karatasi zake tayari. Akasoma, akashukuru, akakaa. Ile 40 ikapita bila jibu na hakuna aliyeifuata. Nilitaka kulia.

Papa Mwalimu: Hiyo niliiona pia. Ukimwuliza mwanafunzi maswali mawili kwa mara moja, atajibu analolijua.

Kalenga: Basi hata wewe Yaya Nadine unakubali hakufanya kitu!

Yaya Nadine: Sikubali hata kidogo. Ninasema swali lilikuwa zuri, halikuuma pale lilipopaswa kuuma. Kalenga, sikiliza hesabu. Bunge la taifa lina viti 500. Kuangusha serikali nzima, kifungu cha 146 kinadai robo ya wabunge watie sahihi, yaani 125, kisha zaidi ya nusu ya wote wapige kura. Wapinzani 125 watawatoa wapi leo? Kumwondoa waziri mmoja zinadaiwa sahihi 50, na hizo pia wanazitafuta kwa tochi. Lakini swali la mdomo ao la maandishi, kifungu cha 138, depite anaweza kulitia peke yake. Hahitaji sahihi ya mwingine. Ndiyo silaha pekee aliyo nayo mtu asiye na wengi nyuma yake. Kwa hiyo lazima aipige panapostahili.

Tonton Didier (Kolwezi): Serikali iliwahi kuanguka lakini. Ile ya waziri mkuu Ilunkamba, Januari 2021, kura 367.

Yaya Nadine: Ilianguka kwa sababu wengi walikuwa wamehama upande, Tonton. Wapinzani wachache hawakuiangusha.

Mama Bijou: Miye naogopea huyu kijana depite. Munakumbuka Chérubin Okende? Alikuwa depite, tena musemaji wa chama ya Katumbi, ule mupinzani. Julai 2023 bakamukuta mufu ndani ya motokari yake kule Kinshasa. Mutu anaongea leo, kesho tunapika matanga.

Papa Mwalimu: Mama, mwendesha mashtaka alisema alijiua. Familia na chama chake walikataa, na hadi leo wanakataa. Siongezi neno. Ila kwa mambo yanayosemwa ndani ya Bunge, kifungu cha 107 kinasema depite hawezi kufuatwa, kukamatwa wala kuhukumiwa kwa maoni yake ao kura yake. Kinga hiyo iliwekwa kwa sababu tunajua tulikotoka.

Mama Bijou: Kifungu hakizuii risasi, Papa.

Papa Mwalimu: Hakizuii. Ni kweli, mama.

Papa Mwalimu: Lakini niwaambie vijana jambo. Tarehe 1 Novemba 1980, wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya wazi yenye kurasa 52. Chama kilikuwa kimoja, upinzani wenyewe ulikuwa kosa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa huku Katanga, Frédéric Kibassa Maliba. Walivuliwa ubunge, wakafungwa, wakapelekwa kukaa vijijini kwa nguvu. Hakuna kura hata moja waliyoshinda kwa barua ile. Miaka isiyozidi miwili baadaye, 15 Februari 1982, chama cha UDPS kikazaliwa kutokana nao, na leo ndiyo inayotawala. Nilikuwa ninaanza ualimu. Barua ile tuliisikia kwa kunong'onezana nyuma ya darasa, ukurasa wenyewe sikuuona kwa macho.

Kalenga: Kibassa? Yule wa RAM, ile kodi ya simu?

Papa Mwalimu: Yule wa RAM ni Augustin, mtoto wake, aliyekuwa waziri wa simu wakati ule.

Mama Mapasa: Aaah RAM! Usinikumbushe. Ulikuwa unatia unité (salio) asubuhi uitane na mama yako ku Likasi, unaangalia, zimekatwa. Dola 7 ku mwaka kwa simu ya intaneti! Na moja kwa kale ka simu kadogo.

Yaya Nadine: Na hiyo RAM ndiyo mfano ninaoutaka, Kalenga. 2021 waziri huyo aliitwa mbele ya wabunge aeleze pesa zinakwenda wapi na sheria gani inaruhusu kukata unité za watu. Si wapinzani peke yao walioipinga, hata wa upande wa serikali walichoka, na wananchi walikuwa wanalalamika kila kona. Mwaka 2022 ikafutwa. Swali lilikuwa moja, kila mwenye simu alilielewa, na waziri hakuwa na pa kukimbilia.

Kalenga: Hiyo nakubali. Hiyo tuliiona na macho.

+243 (namba isiyohifadhiwa): *Ujumbe huu umefutwa*

Shefu wa avenyu: Nimefuta mimi. Hapa hakuna matusi ya kabila ya mtu. Depite ao waziri, mutu amukosoe kwa kazi yake. Atakayerudia nitamutoa, hata akiwa mutoto wa dada yangu.

Mama Bijou: Shefu, aksanti. Miye swali yangu ni ndogo. Jana mvua ilipita, maji yakatoka kwenye ule mfereji wa karibu na masomo, yakaingia mpaka chini ya meza yangu. Mifuko mbili ya unga imelowa, imeshikana kama udongo wa matofali. Hiyo depite ataisema lini kule Kinshasa?

Yaya Nadine: Hataisema, Mama Bijou, na akiisema atakuwa anapoteza dakika zake. Mfereji ni wa jimbo na komini. Anayepaswa kuusema ni depite wa jimbo, yule anayekaa hapa hapa Lubumbashi. Wa taifa anaulizwa kwa nini jimbo halina pesa za mfereji. Wa jimbo anaulizwa pesa zilizofika zilifanya nini.

Tonton Didier (Kolwezi): Na mkuu wa komini anaulizwa ile 15 kwa mia, kama komini ina mgodi. Katuba haina, lakini Ruashi na Annexe wanaweza kuuliza.

Mama Bijou: Basi wako batatu, na hakuna hata moja nimemuona ku mvua.

Papa Mwalimu: Nadine, kikao hiki cha bajeti kinafungwa 15 Desemba, kinachofuata kinafunguliwa 15 Machi. Katikati hapo depite atarudi mjini kusalimia watu. Mwaka jana alikuja, tukampigia makofi, tukapiga picha naye, akaenda. Safari hii napendekeza tumpe karatasi. Swali moja la maandishi, lenye jambo moja tu: kwa kila mwaka, sheria ya bajeti iliandika Haut-Katanga ipewe kiasi gani, na kiasi gani kilifika kwa kweli. Tarakimu mbili kwa kila mwaka. Madini tusiyaguse humo kabisa.

Yaya Nadine: Papa, hilo ndilo swali lenyewe! Waziri akijibu, tarakimu zinabaki kwenye maandishi, na mbunge yeyote atakayekuja anaweza kuzitumia. Asipojibu, ndipo depite anageuza kuwa swali la mdomo mbele ya kamera. Leo usiku naandika la Kifaransa, wewe unisahihishie.

Papa Mwalimu: Lete. Usitie maneno makubwa.

Mama Mapasa: Na balimu? Mutie balimu!

Yaya Nadine: Mama, tutaandika karatasi ya pili ya walimu. Tukiitia kwenye hii, waziri atajibu ya walimu na kuiacha ile ya 40, kama alivyofanya juzi. Mwambie bwana wako anitumie majina ya shule ambazo mshahara unachelewa, na ni miezi gani. Bila majina ya walimu, tafadhali, wasije wakasumbuliwa.

Mama Mapasa: Ameshasoma. Anasema kesho jioni atakuletea, iko ameandika yote mu kaye.

Kalenga: Yaya Nadine, nami niko na neno. Ile daraja ndogo ya kule chini, manseba mwenzetu alianguka pale wiki hii, mguu umevunjika. Hiyo ni ya nani? Ya taifa ao ya jimbo?

Yaya Nadine: Ya jimbo, pamoja na mfereji wa Mama Bijou. Piga picha mchana, zionekane nondo zilizotoka.

Kalenga: Nitapiga. Na huyo depite wa jimbo wetu, mwenye namba yake aitie hapa.

Shefu wa avenyu: Miye niko nayo, lakini inaita tu, hashiki. Kesho saa mbili asubuhi naenda mpaka ku ofisi yake. Mama Bijou, kuja na ule mufuko wa unga iliyolowa. Kalenga, utatubeba.

Kalenga: Niko mbele ya mlango wako saa moja na nusu, Shefu.