Tupeane uzoefu: kadi za picha kwa watoto wanaoanza kuongea

Mama Pacha (mwanzisha mada)
Wazazi wenzangu, habari za jioni. Naomba kila mmoja aeleze alichokiona kwa mwanawe kuhusu kadi za picha za kufundishia maneno, hasa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Naanza mimi.

Kulwa na Doto walikuwa wanakaribia mwaka na nusu. Kadi nilizozikuta dukani zilikuwa na matufaha, sanamu za theluji na treni, vitu ambavyo hapa mtaani kwetu hawavioni. Nikachukua maboksi ya biskuti, nikakata vipande vikubwa kuliko kiganja changu, kwa sababu kila kidogo kinaishia mdomoni. Nikapiga picha vitu vya kwetu: sufuria, beseni la bluu, kandambili za baba yao, kuku wa jirani, bajaji. Steshenari wakanichapia, nikabandika na kuzungushia selotepu pana.

Nilichojifunza ni kwamba kadi peke yake haitoshi, lazima ikutane na kitu chenyewe. Nikitoa kadi ya mwiko, tunaenda jikoni kuutafuta. Wakiushika nasema, "Mwiko huu, mama anasongea ugali." Sasa Kulwa ananiletea kadi mwenyewe na kunivuta kuelekea jikoni. Doto anataka bajaji tu. Namwacha na bajaji yake, maana humo humo amepata "twende", "pipii" na "dereva".

Baba Ilham
Asante dada kwa mada. Wangu ana miezi tisa. Nikimpa picha anaikwangua kwa kucha kama anayetaka kukitoa kitu kilichomo. Ni kawaida?

Mwalimu wa Chekechea
Kaka, ni kawaida kabisa. Mwaka 1998 Judy DeLoache na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hilo hilo. Watoto wa miezi tisa wa Marekani, na wa jamii ya Wabeng kule Côte d'Ivoire, walijaribu kukamata vitu vilivyo kwenye picha. Wale wa Marekani waliofikisha miezi 19 walikuwa wanavionyesha kwa kidole. Kwa hiyo mpe muda. Kwa umri huo zungumza naye unapomwogesha na kumlisha, kadi zitakuja baadaye.

Kwa wanaofikia umri wa kadi, nawaomba sana msigeuze mchezo kuwa mtihani. "Hii nini? Na hii nini?" kadi baada ya kadi humchosha mtoto, akanyamaza hata kwa maneno anayoyajua. Taja wewe, kisha subiri. Akiita mbuzi "mbwa", msimkaripie. Watoto wengi hupitia hapo, neno moja wakalitumia kwa kila mwenye miguu minne. Mjibu tu, "Ee, huyu mbuzi, ana pembe," mwendelee.

Halafu kadi nyingi zinazouzwa ni za majina ya vitu tu. Mtoto anahitaji pia "lete", "mimina", "fungua", "imeisha". Hayo tunayacheza kwa mikono na miguu. Nikisema "ruka", naruka nao.

Bint Unguja, Muscat
Kwetu kazi ya kadi ni tofauti kidogo. Mwanangu kwa wenzake huko nje husikia Kiarabu, Kiswahili anakipata nyumbani. Nimemchapishia sura za watu wetu wa Unguja: bibi yake, shangazi, ami zake. Kabla hatujampigia bibi kwa video tunazitandaza sakafuni, anamtafuta bibi, na simu ikipokelewa anaiinua kadi amwonyeshe. Bibi yake naye humwita kwa jina na kumuuliza amekula nini. Maneno yake mengi yametoka kwenye mazungumzo hayo.

Mama Baraka
Naomba mnisikilize hapa. Wangu alipita miaka miwili, tumecheza kadi kila jioni, na maneno yalikuwa ya kuhesabika. Kilichonishtua ni kwamba alikuwa akinifuata vizuri nikiwa mbele yake, lakini nikitaja neno nikiwa nyuma yake hageuki. Tukampeleka hospitali akapimwa masikio, wakakuta maji nyuma ya ngoma ya sikio, na mafua yalikuwa hayamwishi. Alipotibiwa maneno yakaanza kuja.

Watoto wengi wakifika miaka miwili wana maneno kama 50 na wanaunganisha mawili, "baba njoo", "taka maji". Wako akiwa mbali na hapo, usikubali kuambiwa "wa kiume huchelewa" ukatulia. Masikio yapimwe kwanza.

Baba Wawili
Mama Baraka, pole na hongera kwa kuwa macho. Mimi nilikuwa na programu ya kadi kwenye simu. Inataja maneno vizuri, lakini haimsubiri mtoto wala haimjibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Tumehamia kwenye za karatasi, na dada yake mkubwa ndiye mwalimu.

Mama Pacha
Mwalimu, ya vitendo naianza kesho, Doto atafurahi kuruka. Wenye watoto wa miaka mitatu bado hamjaandika. Wakishajua majina ya vitu, mnazitumiaje kadi hizo hizo? Kuna aliyejaribu kuunganisha mbili tatu zikawa hadithi?