Esta na NaOH: mazao yangu sahihi, maksi 2 kati ya 8

binti_wa_bureti:
Habari zenu wakuu. Kwenye jaribio la juzi tulipewa ethili asetati (esta) na NaOH, tuchore hatua zote za mmenyuko. Mimi nikamaliza kwa mkupuo mmoja: OH⁻ inaingia kwenye kaboni ya kabonili (C=O), OC₂H₅ inatoka hapohapo. Nimeambulia 2, na wino mwekundu pembeni: "Iko wapi ya kati?" Jirani yangu kaipeleka OH⁻ kwenye kaboni ya kundi la ethili, kapata sifuri. Wote tumefika kwenye asetati na ethanoli! Nani aliyekuwepo akaona imepita njia gani?

mzee_titresheni:
Mdogo wangu, hujaonewa. OH⁻ ikiingia, kinacholegea kwanza ni bondi ya pai (moja kati ya bondi mbili za C=O), siyo OC₂H₅. Chora mishale miwili: mmoja kutoka OH⁻ kwenda kwenye kaboni, mwingine kutoka bondi mbili kwenda kwa oksijeni. Utabaki na kaboni yenye bondi nne moja moja na O⁻ juu yake. Hiyo ndiyo "ya kati". Kisha elektroni zinarudi chini, C=O inajengeka tena, OC₂H₅ inatoka. Usiweke kalamu chini: etoksaidi (hiyo OC₂H₅⁻ iliyotoka) inanyang'anya asidi asetiki iliyobaki protoni (pKa, yaani kipimo ambacho kikiwa kidogo protoni inaachiwa kirahisi: ya asidi 4.76, ya ethanoli kama 16), ndiyo maana hakuna kurudi nyuma. Hapo hata mimi nilishapoteza maksi.

Na waliokuwepo wapo. Mwaka 1934 wanakemia Polanyi na Szabo walivunja esta ya amili kwenye maji yenye oksijeni-18, oksijeni nzito inayoweza kufuatiliwa. Alkoholi ikatoka bila oksijeni nzito; kwa njia ya jirani yako ingetoka nayo, kwa hiyo njia hiyo imekufa. Njia yako aliiua mwanakemia Bender, 1951: aliweka oksijeni-18 kwenye C=O ya esta, akasimamisha mmenyuko katikati, akapima esta ambayo bado haijavunjika. Oksijeni nzito ilikuwa imepungua. Kwa mkupuo mmoja ingepunguaje?

kemia_usiku:
Asetoni nayo ina C=O, mbona haivunjiki hivyo?

mzee_titresheni:
OH⁻ inaingia vilevile, ila nani atoke? CH₃⁻? Hiyo haitoki, basi OH⁻ inatoka yenyewe ilivyoingia.

binti_wa_bureti:
Kumbe ya kati inaweza kurudi ilikotoka, na oksijeni zikabadilishana zamu! Nimechora upya, mishale sita pamoja na ya protoni. Jirani bado kanuna.