Naombeni ushauri: naogopa kutuma maombi ya kazi Google

Habari zenu wakuu. Nina miaka 27, nipo Mwanza, mwaka wa nne sasa naandika programu. Mfumo wa stoo wa duka moja la vipuri niliutengeneza mimi, na hadi leo unapiga kazi.

Tangu Google watangaze mwaka 2022 kwamba wanaanzisha kituo cha kutengeneza bidhaa Nairobi, nimekuwa nikivizia nafasi. Sasa imetoka inayonifaa, ila nikifika kwenye kitufe cha kutuma mkono unakufa ganzi. Wasifu nimeuandika mara sita, na kila mara naufuta mstari uleule: "nimeujenga peke yangu". Naona kama najisifia uongo, ilhali ni kweli tupu.

Kinachonitisha hasa ni usaili, kutatua swali la algoriti (kupanga hatua ambazo programu itafuata kutatua tatizo) huku mtu anakutazama, tena unaeleza kwa Kiingereza. Juzi rafiki kanipima swali ambalo nyumbani nalimaliza vizuri tu; dakika kumi nikabaki nakodolea skrini.

Mliopita huko, mlijizoezaje kufikiri kwa sauti? Nitume sasa, au nijifue kwanza miezi mitatu? Mke wangu anasema nitume, lakini yule ananipenda, si shahidi wa kuaminika.