Nafumua triga 27 nisuke funguo za kigeni za kweli kwenye PostgreSQL: naanzia wapi?

fundi_wa_mikopo

Wakuu, heshima yenu.

Natunza mfumo wa saccos moja mkoani Mbeya. Nimeurithi, aliyeuandika alishaondoka nilipoajiriwa. Uko kwenye PostgreSQL 16, programu ya hifadhidata. Majedwali yanayonisumbua ni matatu: wanachama, mikopo na marejesho. Hilo la marejesho lina rekodi milioni 9 na ushei.

Hakuna ufunguo wa kigeni hata mmoja, yaani sharti la hifadhidata lenyewe linalohakikisha kila rejesho lina mkopo wake. Badala yake kuna triga 27 (vijiprogramu vinavyojiendesha data inapoingizwa au kufutwa) zilizoandikwa kwa mkono, nyingi zimenakiliwa moja kutoka nyingine na kubadilishwa neno hapa na pale. Ya marejesho ni hii:

```
IF NOT EXISTS (SELECT 1 FROM mikopo WHERE id = NEW.mkopo_id) THEN
  RAISE EXCEPTION 'Mkopo haupo';
END IF;
RETURN NEW;
```

Kwenye mikopo kuna ya pili inayokataa kufuta mkopo wenye marejesho. Ukizisoma zote mbili unaona kila upenyo umezibwa, na mimi niliamini hivyo kwa miaka mitatu.

Wiki mbili zilizopita alikuja kaunta mama mmoja anayeuza mchele sokoni, mkononi ana stakabadhi ya mwezi Machi. Taarifa ya mkopo wake haikuonyesha malipo yale. Stakabadhi ni yetu, muhuri ni wetu. Nikatafuta nikayakuta: rekodi ipo kwenye marejesho, ila mkopo_id inaelekeza kwenye mkopo ambao haupo tena. Nikaendesha hii:

```
SELECT count(*) FROM marejesho r
LEFT JOIN mikopo m ON m.id = r.mkopo_id
WHERE m.id IS NULL AND r.mkopo_id IS NOT NULL;
```

Jibu: 63. Rekodi yatima 63, na kila moja ni pesa ya mtu aliyesimama foleni akalipa. Sijalala vizuri tangu siku ile.

Nimetazama pg_trigger, orodha ya triga ndani ya PostgreSQL; alama ya tgenabled ni 'O' kwa zote 27, maana yake zimewashwa. Sasa yatima hawa wamepitia wapi? Na nitawekaje ufunguo halisi bila kusimamisha matawi manne yanayofanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi?

---

kufuli_moja

Ndugu, triga yako inatazama, lakini haishiki.

Chukua mfano. Keshia anaingiza rejesho la mkopo 5180. Triga inatazama, mkopo upo, inampitisha. Muamala wake bado haujakomitiwa, yaani haujakamilishwa na kuhifadhiwa. Wakati huohuo afisa mikopo anafuta mkopo 5180 kwa sababu uliingizwa mara mbili. Triga ya upande wake inatazama marejesho na haioni kitu, kwa kuwa PostgreSQL haimwonyeshi mtu kazi ya mwenzake ambayo haijakomitiwa. Wote wawili wamepitishwa, wote wanakomiti. Yatima amezaliwa, na hakuna triga iliyokosea hata neno moja.

Ufunguo wa kigeni nao kwa ndani ni triga. Msimbo wake uko kwenye faili ri_triggers.c, na ukiingiza rekodi unatuma amri ya namna hii:

```
SELECT 1 FROM ONLY mikopo x WHERE id = $1 FOR KEY SHARE OF x
```

Tofauti yote iko kwenye mwisho wa amri ile, FOR KEY SHARE, ambayo ni kufuli. Rekodi ya mkopo imeshikwa. Afisa akija kufuta atasubiri mpaka keshia akomiti, kisha ukaguzi wa upande wake utaliona lile rejesho na kumkatalia kwa kosa namba 23503.

---

juma_psql

Kama ndivyo, mbona kazi ni ndogo? Ongeza FOR UPDATE, inayofunga rekodi wengine wasiibadilishe, kwenye ile SELECT ya triga, umemaliza. Kufumua triga 27 ni hatari kubwa kuliko kuzirekebisha.

---

mama_seva

Juma mwanangu, hapana. Nimefanya kazi hii kwenye mfumo wa hospitali na kwenye mfumo wa maji, na njia hiyo naijua inakoishia.

Kwanza, FOR UPDATE ni kufuli nzito mno kwa kazi hii. Malipo yakiingia, mfumo wa mikopo kwa kawaida unasasisha salio kwenye rekodi ileile ya mkopo. Ukiweka FOR UPDATE, kila anayegusa mkopo huo anapanga foleni. Hata PostgreSQL wenyewe walipita huko: toleo la 8.1 la mwaka 2005 liliachana na FOR UPDATE kwenye funguo za kigeni likahamia FOR SHARE, na bado kusasisha salio kulizuiwa na rejesho lililokuwa likiingia. Mwaka 2013, kwenye 9.3, ndipo ilipokuja FOR KEY SHARE, inayolinda ufunguo tu na kuacha safu nyingine zisasishwe. Miaka minane ya kuisawazisha kufuli moja. Wewe unataka kurudi walikotoka.

Pili, hata ukitumia FOR KEY SHARE ndani ya triga yako mwenyewe, utapona kwenye READ COMMITTED, kiwango cha kawaida ambapo kila amri inaona yaliyokwisha kukomitiwa, si kwenye REPEATABLE READ. Muamala wa kufuta ukiwa kwenye REPEATABLE READ, unatazama picha ya data iliyopigwa ulipoanza, na rejesho lililokomitiwa baadaye halimo kwenye picha hiyo. Ufunguo wa kigeni una ruhusa ya ndani ya kupiga picha mpya kwa ajili ya ukaguzi wake. Triga ya PL/pgSQL, lugha uliyoandikiwa zako, haina ruhusa hiyo, na hakuna namna ya kuiandika ukaipata.

Kwa hiyo zifumue, fundi. Ila polepole, uhusiano mmoja kwa siku.

Kabla ya lolote, weka faharasa (index) kwenye marejesho.mkopo_id kama haipo. PostgreSQL haikuwekei yenyewe upande wa mtoto, yaani jedwali linaloelekeza kwa jingine; wengi waliotoka MySQL wanakwama hapa kwa sababu injini yake, InnoDB, huwawekea. Tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, nje ya muamala, ukimaliza hakikisha haijabaki batili. Bila faharasa hiyo, kufuta mkopo mmoja kutapekua rekodi zako zote milioni 9.

Kisha:

```
SET lock_timeout = '3s';
ALTER TABLE marejesho
  ADD CONSTRAINT marejesho_mkopo_fk
  FOREIGN KEY (mkopo_id) REFERENCES mikopo (id)
  ON DELETE NO ACTION
  NOT VALID;
```

NOT VALID haimaanishi ufunguo umelala. Kuanzia sekunde ile kila rejesho jipya linakaguliwa. Kilichoahirishwa ni kukagua ya zamani, ndiyo maana amri inaisha mara moja hata jedwali likiwa kubwa. Inachukua kufuli ya SHARE ROW EXCLUSIVE kwenye majedwali yote mawili. Wanaosoma ripoti hawaguswi, wanaoandika wanasubiri. Hatari ni pale amri yako inapokuta muamala mrefu wa kuandika mbele yake: itasubiri, na makeshia wote watapanga foleni nyuma yake. Ndiyo maana nimeweka lock_timeout ya sekunde 3: zikipita, amri inaacha kusubiri. Ikishindwa, subiri, jaribu tena.

Ukishawasafisha yatima:

```
ALTER TABLE marejesho VALIDATE CONSTRAINT marejesho_mkopo_fk;
```

Hii inasoma jedwali zima lakini kwa kufuli nyepesi; kaunta zinaendelea kuingiza malipo kama kawaida. Unaweza kuiendesha saa nne asubuhi.

Triga za zamani usizifute siku hiyo. Ziache ziende pamoja na ufunguo mpaka uhusiano umethibitishwa, halafu uzing'oe.

Jambo jingine, na hili naomba ulisome mara mbili. Zipekue triga zako zote 27 utafute yenye RETURN NULL kwenye BEFORE DELETE, yaani inayozuia kufuta kimyakimya. Ukiweka ON DELETE CASCADE, inayofuta watoto baba akifutwa, kwenye jedwali lenye triga ya namna hiyo, baba atafutwa, triga itazuia mtoto asifutwe, na PostgreSQL haitarudi kukagua. Utapata yatima ukiwa na ufunguo wa kigeni halali kabisa. Kwa majedwali ya pesa mimi siweki CASCADE kamwe. Mkopo wenye rejesho hata moja hautakiwi kufutika.

Na ile 'O' ya tgenabled isikutulize. Maana yake triga inafanya kazi kwenye kikao cha kawaida tu. Aliyeingiza data huku mpangilio wa session_replication_role ukiwa replica (hali ya kupokea nakala ya data kutoka seva nyingine) ameziruka zote, na alama inabaki 'O' vilevile. Funguo za kigeni nazo zinarukwa kwa njia hiyo. Tazama tarehe za hao yatima.

---

fundi_wa_mikopo

Mama, asante sana. Nimezitazama tarehe.

Kati ya 63, 49 zimeingia usiku mmoja, mwaka 2021, mfumo ulipohamishwa seva. Faili la kuhamishia bado lipo kwenye diski, na mstari wa juu kabisa ni ule wa session_replication_role. Marejesho yalipakiwa yote, baadhi ya mikopo ikagoma, hakuna aliyerudi kuhesabu.

Zilizobaki 14 zimetawanyika, na rejesho la yule mama wa mchele ni mojawapo. Hizi ndizo za kufuli_moja. Ila nilijiuliza, keshia na afisa wanagonganaje ndani ya sehemu ndogo ya sekunde mara 14? Nikaenda kusoma msimbo wa dirisha la malipo. Programu inafungua muamala, inaingiza rejesho, inachapa stakabadhi, na baada ya printa kujibu ndipo inakomiti. Karatasi ikikwama, muamala uko wazi dakika nzima. Nimehamisha uchapaji ukae baada ya komiti. Hiyo ndiyo sehemu ndogo kuliko zote niliyobadilisha, nami naona ndiyo iliyokuwa na madhara makubwa.

RETURN NULL nimeikuta! Iko kwenye marejesho, inazuia kufuta rekodi za mwaka uliofungwa. Nilikuwa nimepanga kuweka CASCADE kwenye jedwali hilohilo.

Maswali mawili yamebaki. Kwenye jedwali la wadhamini nikiweka ufunguo inakataa, inasema hauwezi kutekelezwa. Safu ya namba_mwanachama ni varchar (maandishi), imejaa '00417', na wanachama.id ni integer (namba nzima). Pia kuna marejesho yenye mkopo_id = 0, na kwenye mikopo kuna rekodi bandia yenye id 0; hayo ni viingilio, si mikopo.

---

kufuli_moja

Integer na bigint, zote namba nzima, wangeelewana. Varchar na integer hawana alama ya usawa inayowaunganisha, ndiyo maana inakataa. Ongeza safu mpya mwanachama_id ya integer, ijaze kwa mafungu ya rekodi elfu chache, ufunguo uweke huko. Kabla ya kubadilisha tafuta zenye nafasi au herufi ndani, zitakuwepo.

Sifuri igeuze iwe NULL. Ufunguo haukagui NULL. Lakini kama kuna jedwali lenye ufunguo wa safu mbili, mfano tawi na namba ya daftari, jihadhari: kwa kawaida safu moja ikiwa NULL basi hata ile nyingine haikaguliwi. Hapo andika MATCH FULL, inayokataa NULL ya upande mmoja.

---

juma_psql

Nimekubali hoja ya FOR UPDATE, sikujua hilo la REPEATABLE READ. Naongeza moja: programu yenu bila shaka inasoma maneno 'Mkopo haupo' ili imwonyeshe keshia. Triga ikiondoka, maneno hayo yanaondoka nayo. RAISE EXCEPTION inatoa kosa namba P0001, ufunguo unatoa 23503 pamoja na jina la sharti. Tengenezeni jedwali dogo kwenye programu: jina la sharti, ujumbe wa Kiswahili.

---

fundi_wa_mikopo

Narudi na taarifa, wiki tatu baadaye.

Ushauri wa Juma umeniokoa. Siku ya kwanza ya majaribio keshia aliona kosa refu lisiloeleweka, akadhani mfumo umekufa. Sasa marejesho_mkopo_fk inamwambia: "Mkopo huu umefutwa au haujasajiliwa. Mwite afisa mikopo."

Uhusiano sita umethibitishwa, triga 19 zimeng'olewa. Amri ya mikopo na marejesho ilishindwa mara mbili kwa lock_timeout, ya tatu ikapita bila mtu kaunta kugundua. Ile ya RETURN NULL nimeiacha, nimeibadilisha itoe kosa badala ya kunyamaza. Wadhamini bado, nimekuta namba za wanachama zilizoandikwa kwa herufi O badala ya sifuri.

Yatima sikufuta hata mmoja. Nilimchapia mhasibu orodha ya wote 63, akakaa na vitabu vya stakabadhi siku mbili. Wale 14 wote walikuwa wa mikopo iliyoingizwa mara mbili, tukawaelekeza kwenye nakala iliyobaki. Wa 2021 amewapatia mikopo 46, watatu bado anawatafuta kwenye mafaili ya karatasi. Hao watatu nimewahamishia kwenye jedwali lao la pembeni ili VALIDATE ipite, na kila Ijumaa namuuliza amefikia wapi.

Yule mama alipigiwa simu. Alikuja Jumanne, nikamchapia taarifa mpya, rejesho la Machi likiwa mstari wa nne. Aliikunja akaiweka pamoja na stakabadhi yake.