Mnaoishi peke yenu Dodoma, wikiendi mnazipitishaje?

Mhamiaji wa Nzuguni
Wakuu habari. Mi mtumishi, nilihamishiwa huku kutoka Dar miaka mitatu iliyopita, mke na watoto wamebaki kule sababu ya shule na kibanda chake cha biashara. Nimepanga Nzuguni, nyumba ina ukuta na geti, asubuhi nawahi basi la Mtumba, jioni narudi nafunga geti basi. Ijumaa wenzangu wote wanakimbilia SGR, mi nauli ya kila wiki siiwezi, kwa hiyo mpaka Jumatatu mtu pekee niliyeongea naye ni muuza chipsi.

Sasa kilichonifanya niandike, mwezi uliopita mzee mmoja mstaafu, nyumba ya tatu toka kwangu, anaishi mwenyewe, aliteleza bafuni akalala chini mchana kutwa na usiku kucha. Muuza maziwa ndo alishtuka kukuta chupa ya jana bado iko getini. Mi muda wote nilikuwa ndani naangalia mpira. Mzee anaendelea vizuri ila nimeona aibu, hata jina lake nilikuwa silijui. Nataka tuanzishe kitu hapa mtaani, naanzia wapi? Grupu la WhatsApp lipo ila ni la kuulizana maji yametoka au bado.

Mzawa_Hombolo
Mbukwa mkuu. Usinichukie ila nyie mliokuja baada ya 2016 serikali ilipotangaza kuhamia mmetuletea ukuta, mtu anazungushia kiwanja kabla hata nyumba haijapauliwa. Salamu tu shida, anapita na vioo vya gari juu. Dawa ni kutoka nje. Saa kumi na mbili jioni tafuta kijiwe cha kahawa, kaa hapo cheza drafti hata kama hujui, utafungwa watakucheka, wakishakucheka ushakuwa wao.

dada wa Ilazo
@Mzawa hiyo dawa ni ya wanaume, mi mwanamke naishi mwenyewe nikakae kijiweni saa hizo kesho mtaa mzima una habari yangu. Na geti nalifunga sana tu, nilishaibiwa.

Kilichonitoa mimi ni kikoba. Tunakutana Jumapili, hela zenyewe za kawaida, ila usipotokea unapigiwa simu na faini juu. Wakanipa kutunza daftari la hisa. Kuna wiki niliugua malaria nikazima simu, wakaja watatu wamenuna kufuata daftari lao, wakanikuta kitandani sijala, mmoja akabaki kunipikia uji. Yani hawakuja kwa kunipenda, walifuata hesabu zao 😂 Ila walikuja. Huyo mzee nae angekuwa na daftari la watu angetafutwa siku ileile.

nesi mstaafu
Dada kaongea. Na msione ni mambo ya wazee tu, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, vijana wamo tena wengi, na unaongeza hatari ya kiharusi na magonjwa ya moyo. Mwandishi, pita kwa mwenyekiti wa mtaa akupe orodha ya wanaoishi wenyewe, mjumbe wako atakuwa anawajua, na ukikuta aliyezidiwa kabisa halmashauri ya jiji ina maafisa ustawi wa jamii. Ila msianze kumpelekea mzee matunda kila Jumapili kama yuko wodini, atawachoka. Alikuwa anafanya kazi gani?

Mhamiaji wa Nzuguni
Mwalimu wa hesabu, sekondari.

nesi mstaafu
Na hapo mtaani kwenu hakuna watoto wanaofeli hesabu?

Mhamiaji wa Nzuguni
Narudi na mrejesho wakuu. Nilienda jana, nikamweleza, akanihoji kama naomba mkopo. Mwisho kakubali, Jumamosi saa nne barazani kwake, watoto sita wa kuanzia, kila mmoja aje na daftari lake na asiyefanya zoezi asije. Mimi kanipa kazi ya kufungua geti maana goti bado linamsumbua, na kasema nikichelewa ananipigia.

Mzawa_Hombolo
Safi. Na drafti?

Mhamiaji wa Nzuguni
Nimefungwa tano bila, na dogo wa bodaboda.